Mtego Mtupu, Kinamasi Kimejaa: Kutatua Matatizo ya Kunasa Samaki na Wadudu wa Maji Kwenye Majani

Malalamiko ya wanaofanya utafiti kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, kuanzia Mara hadi Yala, yanafanana mno. Mitego imelala usiku kucha na asubuhi haina kitu. Boksi moja la kutupa (fremu yenye kuta za wavu inayotupwa kuzingira samaki) limetoa samaki arobaini, la jirani halina hata mmoja. Ndoo imejaa majani na matope, na mwanafunzi hajui aanzie wapi. Aliyezoea maji ya wazi huona haya akadhani samaki wameisha. Mara nyingi kilichoshindwa ni zana. Majani huzuia wavu usikae chini, huficha samaki, huongeza maji kwenye spiriti, na kivuli chake huifanya oksijeni iwe haba kiasi cha kuua ulichokinasa.

Kudhani hivyo kuna gharama. Sangara alipopandikizwa Ziwa Nabugabo, Uganda, miaka ya 1960, samaki wengi wadogo wa asili walitoweka kwenye maji ya wazi. Watafiti walioingia na mitego midogo kwenye kingo zenye nyasi na mafunjo walikuta baadhi yao bado wapo, kwa kuwa sangara hawezi kukaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo yaliyomo ndani ya majani. Mwenye nyavu za maji ya wazi peke yake angeandika kwamba hakuna.

Hapa chini matatizo yamepangwa kwa dalili. Katika kila dalili, sababu inayotokea zaidi imetangulia, na ukaguzi usio na gharama umewekwa kabla ya ule wa kununua vifaa.

Kabla ya kuingia majini

Kibali kwanza. Nyavu za matundu madogo ndizo zinazofaa kwa kazi hii, na ndizo hizohizo ofisa uvuvi anazozikamata. Pata ruhusa ya utafiti (COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya), mjulishe ofisa uvuvi wa wilaya, kisha kaa na BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya mwalo husika kabla hujashusha hata mtego mmoja. Ukipitia taasisi ya utafiti wa uvuvi ya nchi husika (TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya, NaFIRRI kwa Uganda), njia huwa fupi zaidi.

Kiboko na mamba si suala la ujasiri. Ukikuta njia mbichi ya kiboko, kinyesi kilichotawanywa kwenye majani, au wenyeji wakikwambia hapo kuna mamba, usiingie kwa miguu. Hama eneo, au fanya kazi ukiwa ndani ya mtumbwi wa mwenyeji anayekifahamu kinamasi, na yeye ndiye aamue mwondoke saa ngapi.

Kichocho ndicho hatari ya kila siku. Konokono wa *Biomphalaria* na *Bulinus* wanaopenda majani ndio wanaobeba vimelea, na huviachia kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hadi alasiri. Vaa suruali ya mpira inayofika kifuani na glavu zinazovuka kiwiko. Kama zimetoboka, kazi ya siku hiyo iishie hapo. Aliyelowa ajifute mara moja kwa taulo kavu, kisha wiki kadhaa baadaye aende kituo cha afya kupima choo na mkojo. Akipima mapema mno, mayai huwa bado hayajaanza kutoka.

Dalili: mitego ya waya inatoka mitupu

Hii inaongoza kwa malalamiko, na majibu yake mengi hayahitaji fedha.

*Mlango umezibwa au hauelekei njia.* Ndani ya mafunjo samaki hufuata vijia: upenyo uliofunguliwa na kiboko, mfereji wa mitumbwi, ukingo ambapo majani yanapakana na maji ya wazi. Mtego uliosokomezwa kati ya shina na shina, mzizi ukiwa umekaa mlangoni, haumwiti mtu. Pitisha vidole mlangoni. Vikigusa jani, na samaki naye ataligusa na kugeuka. Hamishia mtego kwenye kijia, mlango ukikitazama. Kabla ya kubuni lolote, mtazame mvuvi wa migono (mitego ya asili ya kusuka) anavyofanya: huchomeka uzio wa matete pande mbili ili samaki anayeambaa aongozwe hadi mlangoni. Kipande cha wavu wa plastiki, mita moja kila upande, kinafanya kazi hiyohiyo. Kama utatumia uzio, mitego yote iwe nao, la sivyo utakuwa unalinganisha uzio na siyo maeneo.

*Matundu hayalingani na samaki.* Mtego wa kawaida wa dukani una matundu ya milimita 6 hivi na mlango wa sentimita 2.5. Vifaranga na samaki wembamba hupenya ukutani wakati wa kuvuta, na kambare wa saizi ya mkono hawezi kuingia. Jaribu hivi: tandika chandarua ndani ya nusu ya mitego, tega yote usiku mmoja, linganisha. Ikiwa iliyotandikwa ina samaki wadogo na mingine haina, umeshapata jibu. Kwa samaki wakubwa zaidi ongeza migono au nyavu za kutega zenye matundu ya saizi mbalimbali. Hakuna mtego mmoja unaonasa kila kitu, na anayedai anao hajawahi kuuweka kando ya mwingine.

*Muda.* Domodomo na kambare hutembea usiku, furu wengi hutembea mchana. Vuta alfajiri na machweo, na kila mvuto uandikwe peke yake. Usitibu mtego mtupu kwa kuuacha muda mrefu zaidi, kwa sababu samaki wanaoingia wengine hutoka, na wengine huliwa humo ndani. Mavuno ya saa 24 si mara mbili ya saa 12, kwa hiyo usije ukayagawa kwa mbili baadaye ofisini.

*Maji yamepanda.* Sababu hii ndiyo inayopotosha ripoti nyingi. Bonde la Kilombero likifurika wakati wa masika, samaki walewale husambaa kwenye eneo kubwa zaidi la nyasi zilizozama. Mtego unanasa wachache, mwandishi anaandika kwamba samaki wamepungua, na kiangazi wanapobanwa kwenye madimbwi anaandika kwamba wameongezeka. Kumbuka mtego wa kukaa hupima vitu viwili kwa pamoja, wingi wa samaki na jinsi wanavyotembea. Dawa yake ni kupima kina cha maji kwenye kila mtego, kila siku, na kutolinganisha Aprili na Septemba bila safu hiyo ya kina kwenye jedwali. Ikiwa swali lako ni "wangapi kwa mita ya mraba", acha mitego, nenda kwenye boksi.

*Chambo.* Mkate au pumba huvuta samaki, na huvuta kaa na kamba vilevile. Ziwa Naivasha, ambako kamba mwekundu wa Marekani (*Procambarus clarkii*) aliletwa mwaka 1970, mtego wenye chambo unaweza kukupa kamba watupu waliokwisha kula kilichotangulia. Kwa kazi ya kulinganisha maeneo, mimi naona bora kutotia chambo kabisa. Kwa kazi ya kutaka orodha ya aina zilizopo, tia.

*Kweli hakuna hewa.* Hii ije mwisho, baada ya zote. Katikati ya mafunjo oksijeni mara nyingi iko chini ya miligramu 1 au 2 kwa lita, na ukishuka karibu na matope hukuti kitu. Pandisha mtego karibu na uso wa maji. Lakini kabla ya kuamini namba, kagua kipimo chenyewe. Ziwa Victoria liko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi, na huko maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana takriban miligramu 7.2 kwa lita, siyo 8.3 kama ufukweni Tanga. Kifaa kilichorekebishwa kwa namba ya pwani kitadanganya kinamasi kizima.

Dalili: samaki wamekufa ndani ya mtego

*Mtego umezama wote.* Kamongo aliyekomaa hupumua hewa ya juu. Akizuiwa kufika juu anakufa maji, ingawa ni samaki. Kambare na *Ctenopoma* nao huitegemea hewa hiyo oksijeni ya majini inapokwisha. Inua mtego ili sehemu yake ya juu, vidole vinne hivi, ibaki nje ya maji, uufunge kwenye mti uliochomekwa imara. Kumbuka maji hupanda usiku ikinyesha juu ya mto, kwa hiyo acha nafasi ya ziada. Tahadhari hii inawasaidia pia kobe wa maji na vyura walioingia bila kualikwa.

*Muda mrefu kwenye maji yasiyo na hewa.* Kwenye majani yaliyozama, oksijeni hufikia chini kabisa kabla ya mapambazuko, baada ya mimea kupumua usiku kucha bila mwanga. Samaki aliyeingia jioni akiwa na nguvu hana pa kukimbilia saa kumi na moja alfajiri. Tega kwa saa mbili tatu za mchana kwanza uone, kisha ongeza.

*Adui yumo ndani.* Mizoga yenye mapezi yaliyoliwa ina maana kaa, kamba, au kambare mdogo alifungiwa pamoja nao. Punguza saa. Kenge akishajifunza mahali mitego ilipo atarudi kila siku, basi hamisha mstari mzima. Na usipeleke mkono ndani ya mtego kabla hujauona wote juu ya maji, maana nyoka nao hufuata samaki.

Vifo vikiendelea baada ya mabadiliko haya, simamisha kutega na umwite mtaalamu wa samaki aliyetia sahihi kwenye kibali chako. Hapo huna takwimu tena, una hasara.

Dalili: boksi la kutupa linatoa namba zinazorukaruka

Boksi hili halina sakafu wala kifuniko. Lina upande wa mita moja, na kuta zake ni za wavu wa milimita 1.5 hivi. Lilijengewa sifa kwenye nyasi fupi za Everglades, Florida, ambako maji ni ya kina kifupi na majani hayazuii boksi kufika chini. Unalitupa, unakandamiza, unang'oa na kuhesabu mimea ya ndani, kisha unachota kwa wavu wa fremu hadi usipate kitu. Ukilileta kwetu bila kufikiri litakusumbua.

*Halijafika chini.* Hii ndiyo sababu kwa wengi. Shina moja la tete lililolala linainua kona, na samaki wanatoka chini yake huku wewe ukikunja mikono ya shati. Kila baada ya kutupa, zunguka ukikanyaga fremu, halafu pitisha mkono ukingo wote wa chini. Ukipata uwazi unaopitisha vidole viwili, mtupo huo futa, nenda sehemu nyingine angalau mita kadhaa mbali. Usiurekebishe na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotoka. Fremu ya bomba jepesi iongezewe nondo chini.

*Samaki wamekusikia.* Mtumbwi unaogonga, watu watatu wanaoongea, kivuli kinachotangulia boksi. Ingia mtu mmoja, ukilitazama jua, simama kimya dakika chache, tupa kwa mara moja tu. Usichague mahali kwa jicho. Chagua namba za nasibu ukiwa bado nchi kavu.

*Umeacha kuchota mapema.* Kanuni nzuri ni kuendelea hadi michoto kadhaa mfululizo, mitano kwa mfano, irudi mitupu, na kanuni hiyo iandikwe na kufuatwa na kila mtu. Wanaochoka huishia kwenye mchoto wa kwanza mtupu, na wanaochoka zaidi ni wale wa boksi la alasiri.

*Ndivyo samaki walivyo.* Baada ya kuondoa yote hayo, namba bado zitaruka kwa sababu samaki wa majani hukaa kwa makundi. Hili halitibiki kwa kutupa vizuri zaidi, linatibika kwa kutupa mara nyingi zaidi. Boksi tatu kwa eneo ni kujifurahisha. Na sifuri zote ziingie kwenye jedwali: aliyeandika boksi zenye samaki tu amejitengenezea wastani wa uongo.

Kujua boksi lako linapata sehemu gani ya samaki, fanya jaribio. Kata ncha ndogo ya pezi la mkia kwa samaki ishirini wadogo, waachie ndani ya boksi lililokwisha kukandamizwa, subiri, kisha chota kama kawaida. Ukipata kumi na sita, unajua unakosa mmoja kati ya watano. Rudia kwenye majani haba na majani mazito kando kando, kwa sababu tofauti ya maeneo mawili inaweza kuwa tofauti ya uchotaji tu.

Kuhusu mafunjo: usijaribu. Mimea yenye mita tatu hadi tano juu na mkeka wa mizizi chini haipokei boksi la kutupwa. Weka boksi kwenye nyasi fupi, ndago na yungiyungi. Ndani ya mafunjo tumia mitego kwenye vipenyo na ukubali kwamba unapata ulinganisho, hupati idadi kwa mita ya mraba.

Dalili: wavu wa mkono unarudi na majani, wadudu hawaonekani

*Wavu umeziba.* Wavu wa mikroni 500 (matundu ya nusu milimita) ukipita kwenye majani yaliyooza huziba ndani ya hatua mbili. Maji yakikosa njia ya kutokea nyuma, huzunguka mdomoni na kuwasukuma nje wale wepesi, hasa wadudu waogeleaji na uduvi. Ukiona wimbi linatangulia wavu, tayari umechelewa. Fupisha mvuto uwe mita moja, suuza kwenye ndoo, rudia. Mivuto mifupi mitano ina thamani kuliko mmoja mrefu.

*Unapita juu ya majani badala ya ndani yake.* Konokono, ruba na mabuu ya kereng'ende hushikilia mashina. Gonga shina kwa fremu ya wavu, kisha rudisha wavu haraka kwenye maji yaliyotibuliwa. Kwa mimea iliyozama, weka wavu au mfuko chini yake kwanza, kata shina, funika, inua.

*Majani yanatupwa pamoja na wanyama.* Kila tawi lisuguliwe kwa vidole ndani ya ndoo ya maji, upande wa chini wa jani hasa, ndipo lirudishwe kinamasini. Kwenye yungiyungi na gugu maji, upande huo na mizizi ndiko waliko. Kwa kazi ya kina, hifadhi mimea hiyo, ikaushe na kuipima uzito, ili uweze kusema wanyama wangapi kwa gramu ya mmea. Maeneo mawili yenye idadi sawa kwa mita ya mraba yanaweza kuwa tofauti kabisa ukiangalia hivyo.

Mende wa maji na wengine wenye mbio huukwepa wavu hata ufanye nini. Kwao tengeneza mtego wa chupa: chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, igeuze ndani kama faneli, ilaze kwenye majani usiku ikiwa imeinama kidogo ili hewa ibaki juu. Bila hewa hiyo mende watakufa, na viluwiluwi vilivyoingia navyo havina nafasi nzuri.

Dalili: kuchambua hakuishi, na wadogo hawapatikani

Anza na chekeche. Pitisha sampuli kwenye chekeche kubwa juu na la mikroni 500 chini, kila tabaka lichambuliwe peke yake kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo. Wengi huchanganya yote kwenye trei moja iliyojaa tope, kisha hulaumu macho yao.

Kama tope bado ni jingi, elesha. Changanya sukari kwenye maji, gramu 300 na ushee kwa lita, mimina juu ya sampuli na ukoroge. Mabuu laini hupanda juu, uchafu mzito hubaki. Konokono, kome na mabuu yanayojijengea vibanda vya mchanga hayapandi, kwa hiyo kilichobaki chini lazima kipitiwe kwa kibano. Majani yaliyooza nayo huelea, basi usitarajie muujiza kwenye sampuli za mafunjo. Rangi ya Rose Bengal, ikitiwa siku moja kabla, huwatia wanyama wekundu wakaonekana kwenye kahawia, ila itakuharibia utambuzi wa wale wanaojulikana kwa rangi zao.

Sampuli kubwa sana igawe. Tandaza kwenye trei yenye miraba, chagua miraba kwa nasibu, maliza kila mraba ulioanza hadi ufike idadi uliyopanga, tuseme wanyama 200 au 300. Kisha pitia trei nzima kwa jicho kutafuta wakubwa na adimu, hao waandikwe kando. Kinachoharibu ni kuokota anayeng'aa na kuacha anayejificha, halafu kukiita kitendo hicho sampuli.

Kuna sababu moja inayosahauliwa sana: sampuli imejila yenyewe. Ukiacha ndoo hai hadi kesho ukiwa na mabuu ya kereng'ende na kunguni wakubwa wa maji humo, asubuhi utahesabu walioshiba. Chambua siku hiyohiyo au tia spiriti papo hapo. Na kunguni hao wakubwa washike kwa kibano, wanauma vibaya.

Dalili: sampuli zinanuka, zimelegea au zimesagika

Karibu kila mara ni maji ya majani. Fanya hesabu: chupa ya lita moja, nusu yake mimea mibichi, nusu spiriti ya asilimia 95. Mimea hiyo sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ndani ya chupa spiriti inashuka hadi karibu asilimia 50. Ukianza na ya asilimia 70, unaishia chini ya 40, na hapo unapika supu. Majani yasuuzwe na kutolewa, chupa isijazwe sampuli zaidi ya theluthi moja, na spiriti yote ibadilishwe ndani ya saa 24. Kwa vielelezo vya vinasaba tumia ya asilimia 95 tangu mwanzo.

Samaki wanaozidi sentimita 10 huoza kutoka tumboni. Chanja tumbo upande wa kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa picha na vipimo, ndipo utumbukize kwenye formalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya formalini ya dukani kwa tisa za maji. Usiwatie konokono humo: formalini isiyotiwa boraksi huwa na asidi na huyeyusha magamba.

Lebo iwe ndani ya chupa, kwa penseli. Wino wa kalamu huondoka na spiriti.

Onyo: formalini husababisha saratani na huchoma macho na mapafu. Ichanganyiwe nje au maabara yenye kivuta hewa, ukiwa na glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi angalau dakika 15 huku mwenzio akitafuta usafiri wa hospitali. Mabaki yapelekwe maabara, yasimwagwe kinamasini wala chooni.

Dalili: watu wawili, eneo moja, majibu tofauti

Mmoja anahesabu dakika, mwingine anahesabu hatua. Chagueni kimoja. Halafu wazungusheni watu, kila mtu afanye sehemu ya kila eneo, ili mkono wa mtu usigeuke kuwa tabia ya kinamasi. Baadhi ya trei zilizochambuliwa zirudiwe na mtu wa pili bila kuona hesabu ya kwanza.

Dalili: mtego haupo ulipouacha

Usikimbilie kusema umeibwa. Mikeka ya mafunjo na gugu maji huelea, na upepo wa usiku huisogeza pamoja na kila ulichokifunga juu yake. Chomeka mti hadi udongo wa chini, funga mtego kwenye mti na siyo kwenye mmea, chukua alama ya GPS ya mti. Kama kweli umeibwa, mwenyekiti wa BMU atajua kabla yako, na kijana wa mwalo mwenye posho ya kulinda ni nafuu kuliko mitego mipya.

Dalili: mashine ya umeme haipati samaki

Kwenye majani mazito samaki aliyepigwa umeme huzama na kunasa kwenye mashina, humwoni. Maji yenye chumvi chache sana hupitisha umeme kidogo, na nguvu hutofautiana kila hatua. Hakuna ukaguzi rahisi wa kujifanyia hapa. Uvuvi wa umeme bila idhini ni kosa la jinai, na ndani ya maji yenye watu wanaoteleza kwenye mizizi unaua. Kama huna timu iliyofunzwa na kibali kinachoitaja mashine hiyo kwa jina, izime. Kutengeneza ya kienyeji kwa betri ya gari na inveta, kamwe.

Dalili: alama zinasema maji machafu, kinamasi kinaonekana kizima

Alama hizo, wanazopewa wadudu na wanyama wadogo wa maji ili kupima ubora wa maji, zimetoka mtoni. Mfumo wa TARISS wa Tanzania, na SASS wa Afrika Kusini ulioutangulia, ulitungwa kwa mito yenye maji yanayotembea, ambako kundi kama Plecoptera (wadudu ambao mabuu yao huishi kwenye mawe ya mto) huleta alama nyingi kwa kuhitaji oksijeni tele. Kinamasi cha mafunjo hakina mawe, hakina mkondo, na oksijeni yake ni ndogo kwa maumbile. Humo utakuta konokono wanaopumua hewa, ruba, na mabuu mekundu ya Chironomidae (wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi), yale ambayo wakikomaa hupaa juu ya ziwa kama moshi wa shamba. Mtoni wangekuwa ushahidi wa uchafu. Hapa ni wenyeji.

Kabla ya kumpigia simu ofisa mazingira, tafuta kinamasi cha kulinganisha: aina ileile ya mimea, kina kilekile, msimu uleule, kisicho na shamba la mpunga wala bomba la taka juu yake. Pima vyote viwili kwa zana moja na mikono ileile. Tofauti ikijitokeza hapo, angalia kwanza oksijeni ya alfajiri na kina, halafu ndiyo ufikirie sumu. Lakini ukiona samaki wakifa kwa wingi, hata kambare na kamongo, au maji yana rangi na harufu ya dawa za shamba, usichukue sampuli zaidi kwa mikono yako. Toka, wazuie watu na ng'ombe wasinywe, piga picha, na uwaite ofisa uvuvi na mamlaka ya mazingira wachukue maji kwa chupa zao, kwa sababu sampuli isiyofuata utaratibu wao haitasimama popote.